Sura ya Sita: Mtawala wa Mbali, Jirani wa Karibu

Mwezi Agosti 1997 viongozi wa kisiwa cha Anzuani walitangaza kwamba wamejitoa katika Jamhuri ya Komoro. Kujitoa kwenyewe hakukuwa jambo geni. Afrika ilishaona majimbo mengi yakitaka kujitenga. Kilichowaacha walimwengu midomo wazi ni ombi lililoandamana na tangazo hilo. Anzuani, iliyokuwa huru kwa miaka 22, iliitaka Ufaransa irudi kuitawala. Bendera ya bluu, nyeupe na nyekundu ikapepea tena mitaani, mikononi mwa vijana ambao hawakuwahi kuuona ukoloni kwa macho yao.

Paris ilikataa.

Safari ya kilomita 70 tu baharini kutoka Anzuani, bendera hiyohiyo haikuwa imeshushwa hata siku moja. Mayotte, ambayo wenyeji wake huiita Maore, ni kisiwa cha nne cha funguvisiwa la Komoro, pamoja na Ngazija, Anzuani na Mwali. Watu wake ni Waislamu kama ndugu zao wa visiwa vile vitatu, wamechanganyika nao kwa damu na ndoa, na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili: Mzanzibari akitega sikio, mazungumzo ya sokoni katika mji wa Mamoudzou hayatampita yote. Hata hivyo, Mayotte ni mkoa wa Ufaransa. Sarafu yake ni yuro, na wabunge wake huketi Paris.

Kwa nini kisiwa kimoja kiombe kutawaliwa na kikataliwe, na cha jirani king'ang'anie kutawaliwa na kikubaliwe? Swali hilo linavuka mipaka ya Komoro. Uingereza bado ina maeneo 14 ya ng'ambo, mengi yakiwa visiwa, ambayo watu wake wote wakijumlishwa hawazidi sana robo milioni. Uholanzi ina visiwa sita katika Karibea. Ufaransa ina visiwa katika Bahari ya Hindi, Karibea na Pasifiki. Jibu la haraka ni kwamba ubeberu haujafa. Jibu hilo lina ukweli wake, na mbele kidogo tutakutana na visiwa vilivyoporwa mchana kweupe. Lakini haliwaelezi watu wa Anzuani mwaka 1997, wala wanawake wa Mayotte waliopigania bendera ya Ufaransa kwa silaha ambayo hakuna jeshi lililowahi kuifikiria.

Sultani atafuta mlinzi

Mwaka 1841 Mayotte ilikuwa chini ya Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyekimbilia hapo baada ya kushindwa kwao Madagaska. Alikuwa amezungukwa na mahasimu: wafalme wa Madagaska upande mmoja, masultani wa Anzuani na Mwali upande mwingine. Kisiwa kilikuwa kimechoshwa na uvamizi, na wakazi wake walikuwa wamepungua. Tarehe 25 Aprili mwaka huo, Andriantsoly alitia saini mkataba na nahodha Mfaransa, Pierre Passot, akikikabidhi kisiwa kwa Ufaransa. Yeye mwenyewe aliahidiwa posho ya piasta 1,000 kwa mwaka.

Ufaransa ilitaka bandari. Ilikuwa imeipoteza Mauritius kwa Waingereza, na kisiwa chake cha Réunion hakikuwa na ghuba nzuri ya kutia nanga meli za kivita. Andriantsoly alitaka mtu wa kumkinga na majirani. Visiwa vile vingine vitatu viliingia chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1886, miaka 45 baadaye. Kwa hiyo Mayotte ilikuwa koloni la Ufaransa kabla ya kuwa sehemu ya nchi moja iitwayo Komoro.

Mfumo huo unajirudia duniani kote. Kisiwa kidogo mara chache huwa na adui mmoja. Kina mtawala aliye mbali, ambaye meli yake hufika kwa nadra, na kina jirani mkubwa anayeonekana kwa macho siku ya anga safi. Mtawala wa mbali hutuma gavana na kodi. Jirani akishika serikali huchukua ofisi, ajira, bandari na mashamba, na huwa hapo kila siku.

Mayotte ililionja hilo kuanzia mwaka 1958, ulipopita uamuzi wa kuhamisha makao makuu ya Komoro kutoka Dzaoudzi, kisiwani Mayotte, kwenda Moroni, Ngazija. Uhamisho ulichukua miaka, lakini maumivu yake yalianza mapema. Makarani walihamishwa, wengine wakawaacha wake na watoto nyuma. Wenye maduka walipoteza wateja. Hapo wakaibuka wanawake waliokuja kujulikana kwa kuwatekenya wanasiasa. Wakiongozwa na Zéna M'Déré na wenzake, walikuwa wakimzunguka kiongozi aliyetumwa kutoka Moroni na kumtekenya mbavuni na kwapani mpaka akakimbilia chomboni kurudi alikotoka. Askari hakuwa na la kufanya: angemkamata mama wa makamo kwa kosa gani? Ila mapambano hayo hayakuwa kicheko kitupu. Mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, alipoteza maisha katika vurugu bandarini, na jina lake linakumbukwa Mayotte hadi leo.

Kura ihesabiwe wapi?

Wakati wanawake wa Mayotte wanatekenya mawaziri, Wakomoro wengine walikuwa Dar es Salaam wakiandaa uhuru. Chama chao cha ukombozi, MOLINACO, kilikuwa na makao yake katika jiji hilo, pamoja na vyama vya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa wapigania uhuru hao hapakuwa na mjadala: Komoro ni visiwa vinne, na itakuwa huru ikiwa visiwa vinne.

Tarehe 22 Desemba 1974 watu wa funguvisiwa zima walipiga kura ya maoni. Zaidi ya asilimia 94 walichagua uhuru. Ila kura za Mayotte zilipotazamwa peke yake, karibu asilimia 64 ya wapiga kura wake walikuwa wameukataa.

Hapa ndipo siri kubwa ya sura hii ilipo. Ukihesabu visiwa vinne kama nchi moja, uhuru umeshinda kwa kishindo na Mayotte ni wachache walioshindwa. Ukihesabu kisiwa kimojakimoja, Mayotte imeshinda. Matokeo yako mikononi mwa anayechora mstari wa kuhesabia. Bunge la Ufaransa likauchora: sheria ya tarehe 3 Julai 1975 ilitaka katiba ya Komoro ipitishwe na kila kisiwa peke yake. Siku tatu baadaye kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne bila kuisubiri Paris. Paris ikavitambua vitatu.

Mwanzoni mwa Februari 1976 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipotaka kuizuia Ufaransa isiitishe kura nyingine Mayotte, Ufaransa ilitumia kura ya turufu. Tarehe 8 Februari wapiga kura wa Mayotte wakaamua kwa asilimia 99.4 kubaki Wafaransa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani tendo hilo mwaka huohuo, na likarudia kulilaani kwa miaka mingi. Msingi wa hoja yake ni azimio namba 1514 la mwaka 1960, linalokataza koloni kumegwa wakati wa kupewa uhuru.

Azimio hilo ni zuri, na limeikinga Afrika na vita vingi vya mipaka. Lakini kwa mtu wa Mayotte, lilimaanisha kwamba haki ya kujiamulia ni ya funguvisiwa, wala si yake.

Wasiotaka kuachwa

Waingereza nao waliwahi kuzigonga hesabu hizo, tena wakiwa upande wa pili. Katika miaka ya 1960 London ilikuwa na hamu ya kuitua mizigo yake ya Karibea. Ilivifunga pamoja visiwa vitatu, Saint Kitts, Nevis na Anguilla, ili vijitawale kama nchi moja. Anguilla, yenye kilomita za mraba 91 tu, ikaona itamezwa na Saint Kitts. Mei 1967 wakazi wake waliwafukuza polisi wa Saint Kitts. Julai wakapiga kura: 1,813 walitaka kujitenga, watano hawakutaka.

Machi 1969 Uingereza ilituma askari wa miavuli pamoja na polisi wa London kwenda kuzima maasi. Walishuka ufukweni wakiwa wamejiandaa kwa mapigano. Hakuna risasi iliyopigwa. Waasi walikuwa wanataka hasa kile walicholetewa, yaani utawala wa moja kwa moja wa Waingereza, na mwaka 1980 wakakipata rasmi. Miaka mingi baadaye bahati ikawaangukia kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Herufi mbili walizogawiwa kwa anwani zao za intaneti, yaani ai, zikawa ndizo zinazotafutwa na kila kampuni ya akili mnemba duniani. Mwaka 2023 ada za anwani hizo ziliiingizia Anguilla takriban dola milioni 32 za Marekani, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali.

Aruba nayo ilipata hadhi ya pekee ndani ya Ufalme wa Uholanzi mwaka 1986, kwa makubaliano kwamba ingekuwa nchi huru mwaka 1996. Muda mfupi kabla ya mpango huo kuanza, kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kilichokuwa mhimili wa uchumi wake kilifungwa. Aruba ikaomba uhuru uahirishwe, na mwaka 1996 ukapita bila sherehe yoyote. Bermuda, ambayo ni tajiri kuliko Uingereza yenyewe kwa wastani wa pato la kila mtu, iliuliza watu wake mwaka 1995: karibu robo tatu ya waliopiga kura waliukataa uhuru. Falkland iliuliza mwaka 2013: waliotaka kubaki chini ya Uingereza walikuwa 1,513, na waliopinga watatu.

Falkland inatufundisha tena habari ya jirani. Argentina iliivamia Aprili 1982, na vita vya wiki kumi viliua Waargentina 649 na Waingereza 255. Kabla ya uvamizi, London ilikuwa tayari kujadili kuviacha visiwa hivyo. Baada yake, hakuna waziri mkuu wa Uingereza aliyethubutu kulitaja jambo hilo.

Hata mshairi mkubwa wa mapambano dhidi ya ukoloni, Aimé Césaire wa Martinique, ndiye aliyewasilisha bungeni Paris sheria ya mwaka 1946 iliyoifanya Martinique, pamoja na Guadeloupe, Guyane na Réunion, kuwa mikoa kamili ya Ufaransa. Hoja yake ilikuwa ya haki: kama sisi ni Wafaransa, basi mfanyakazi wa shamba la miwa apate mshahara na hifadhi ya jamii sawa na wa Bordeaux. Ahadi hiyo ilitimia kwa mwendo wa kinyonga. Kima cha chini cha mshahara katika mikoa hiyo kililingana na cha Ufaransa bara mwaka 1996, nusu karne baadaye.

Anachopata mwenye bendera

Kuwa na kisiwa cha mbali ni gharama. Uingereza ilijenga uwanja wa ndege Saint Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini, kwa pauni milioni 285, ili kuwahudumia watu wasiofika 5,000. Ulipokamilika, pepo kali za huko zilichelewesha safari za abiria hadi Oktoba 2017. Mfanyabiashara wa kawaida angeshakifunga kisiwa hicho na kuuza samani.

Lakini serikali huhesabu vitu ambavyo mfanyabiashara havioni, na cha kwanza ni bahari. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, nchi hupata haki ya samaki, mafuta na madini hadi maili 200 za baharini kutoka pwani yake. Ufaransa ina eneo la bahari la zaidi ya kilomita za mraba milioni 10, la pili kwa ukubwa duniani baada ya Marekani, na karibu asilimia 97 yake inatokana na ng'ambo. Clipperton, kisiwa cha matumbawe kisicho na mkazi hata mmoja upande wa Mexico, kinaipa zaidi ya kilomita za mraba 400,000 za bahari, sawa na karibu nusu ya Tanzania. Falkland nayo ilianza kuuza leseni za uvuvi wa ngisi katika miaka ya 1980 na ikageuka kutoka visiwa vya wachunga kondoo kuwa mahali pa watu wenye nafasi.

Udogo wenyewe pia huwasaidia wanaotaka kubaki. Sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 iliwanyima watu wa maeneo mengi haki ya kuishi Uingereza, kwa sababu London iliogopa kwamba mamilioni ya watu wa Hong Kong wangehamia. Hong Kong ilirudi China mwaka 1997, na miaka mitano baadaye uraia kamili ukarudishwa. Kuwapa pasipoti watu robo milioni hakumnyimi usingizi waziri yeyote. Kwa hesabu hiyohiyo Anzuani ilikosa: ilikuwa na watu wengi, haikuwa na cha kutoa, na kuipokea kungezua ugomvi na Afrika nzima. Mzozo wake ulimalizwa na Waafrika wenyewe Machi 2008, wanajeshi wa Umoja wa Afrika, wengi wao Watanzania na Wasudani, waliposhuka kisiwani pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa mtawala wa Anzuani, Kanali Mohamed Bacar. Alikokimbilia kwa boti ni Mayotte.

Wasioulizwa

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba bendera za mbali hupepea kwa ridhaa. Visiwa vya Chagos vinaifuta dhana hiyo.

Mwaka 1965, Mauritius ikiwa njiani kuelekea uhuru wake wa 1968, Uingereza iliimega Chagos na kuifanya koloni jipya, ikilipa pauni milioni 3. Marekani ilitaka kituo cha kijeshi katikati ya Bahari ya Hindi, na kisiwa cha Diego Garcia kilikuwa mahali pake. Wakazi kati ya 1,500 na 2,000, vizazi vya watumwa na vibarua wa mashamba ya minazi, waliondolewa kati ya 1968 na 1973 na kushushwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa moshi wa magari. Kura haikupigwa, wala mstari wa kuhesabia haukuchorwa, kwa kuwa London ilijitahidi kuonyesha kwamba hapakuwa na wenyeji wa kuhesabiwa.

Ufaransa ilifanya jambo la aina hiyo kimyakimya zaidi. Tarehe 1 Aprili 1960, chini ya miezi mitatu kabla ya Madagaska kuwa huru, amri ya serikali ilivitenga visiwa vidogo vinavyoizunguka, vikiwemo Juan de Nova na Europa katika Mlango wa Msumbiji. Umoja wa Mataifa uliitaka Ufaransa ivirudishe mwaka 1979. Bado haijavirudisha.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2019 kwamba Mauritius ilimegwa kinyume cha sheria. Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuikabidhi Mauritius mamlaka juu ya Chagos, huku ikikodi Diego Garcia kwa miaka 99. Wachagosi wengi walilalamika kwamba, kama mwaka 1965, serikali mbili zilikaa mezani na wao wakabaki nje ya mlango.

Bei ya bendera

Mayotte ilipata ilichokuwa ikikililia. Mwaka 2009 zaidi ya asilimia 95 ya wapiga kura walitaka iwe mkoa kamili, na tarehe 31 Machi 2011 ikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa. Mahakama za makadhi ziliondolewa na ndoa za mitara zikapigwa marufuku. Shule, hospitali na posho vikaja, ingawa kwa viwango vya chini kuliko bara.

Pengo kati yake na Anzuani likawa bonde. Tangu Januari 1995, Mkomoro anahitaji viza kwenda kisiwa ambako shangazi yake amezikwa. Asiyeipata hupanda kwasakwasa, boti ndogo ya uvuvi, usiku. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kuwa watu kati ya 7,000 na 10,000 walikufa maji katika mkondo huo tangu viza ianze. Wanaofika salama huishi katika mabanda ya mabati yaliyojaa vilimani, karibu nusu ya wakazi wote wakiwa wageni kwa karatasi. Zaidi ya robo tatu ya watu wa Mayotte waliishi chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa kwa takwimu za 2018. Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, mabanda hayo ndiyo yaliyofagiliwa kwanza, na dunia ikaona mkoa wa Ulaya ambao watu wake walikosa maji ya kunywa.

Komoro haijafuta madai yake. Katiba yake bado inaitaja Maore miongoni mwa visiwa vyake. Madai hayo yana nguvu mbele ya sheria ya kimataifa. Ila tangu 1975 Komoro imepitia mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20, na serikali ya Moroni haijawahi kumpa mtu wa Mayotte sababu ya kutamani kurudi. Paris nayo imempa uraia na kumkopa usawa. Wote wawili wana deni, na deni la Moroni ndilo kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayotaka mambo yabadilike. Mpaka mtoto wa Anzuani awe na shule na hospitali za kumfanya asipande boti usiku, hakuna azimio la New York litakaloishusha bendera ile Mamoudzou.